Baba wa Sentimita 102

Ron Mueck alifiwa na babake, kisha akamtengeneza upya. Alimtengeneza kwa silikoni, akampaka rangi ya ngozi iliyoishiwa na damu, akamtia nywele moja moja, zingine akizitoa kichwani mwake mwenyewe. Mzee amelala chali, uchi, mikono kando, viganja vikiangalia juu. Ukimkaribia unaona hadi ndevu changa kidevuni na mikunjo ya ngozi kwenye magoti. Kila kitu kipo, isipokuwa ukubwa. Mzee mzima ana urefu wa sentimita 102.

Sanamu hiyo inaitwa *Dead Dad*. Ilitengenezwa 1996 hadi 1997, na mwaka huo wa 1997 ikaonyeshwa Royal Academy, London, katika maonyesho yaliyoitwa *Sensation*. Humo ndani kulikuwa na papa mzima ndani ya tangi la dawa, na vitu vingine vingi vya kukushtua ukiingia tu mlangoni. Na katikati ya kelele hizo, mzee mmoja mdogo, kimya, amekufa.

Sasa swali. Mtu akiwa na ufundi wa kuunda binadamu hadi kope, kwa nini akosee kipimo makusudi? Angeweza kumfanya baba kamili, saizi yake. Jibu linapitia makaburi ya wafalme, vibanda vya maonyesho Paris, makumbusho ya Cape Town na duka la vyakula Marekani. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo njia hii nimeipita kwa bando za usiku, bila mwalimu wa kuniambia ni nini cha kutenganisha na nini. Labda ndiyo sababu nimeiona hivi: historia ya sanamu zinazofanana na watu ni historia ya nani anapewa ukubwa gani, na nani aliamua.

Tuanze na zamani, barani kwetu. Pale Abu Simbel, kusini mwa Misri, Ramesses wa Pili ameketi mara nne mlangoni pa hekalu, kila sanamu ikiwa na takriban mita 20. Wakeze na watoto wake wamesimama miguuni pake, wengine hawafiki hata gotini. Hakuna aliyeamini kwamba malkia alikuwa mfupi kiasi hicho. Ukubwa ulikuwa lugha. Mwenye nguvu ni mkubwa, wa karibu naye ni mdogo, na wa mbali haonekani kabisa. Lugha hiyo haijafa. Tembea tu katikati ya Nairobi: Kimathi amesimama kwenye mtaa wake tangu 2007, Mboya yuko Moi Avenue tangu 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi 1969. Wameinuliwa juu ya ardhi ili tuwaangalie tukiinua shingo. Sina ugomvi na hilo. Ninasema tu kwamba sanamu katika mji hupewa mtu mwenye jina.

Lakini kuna kipimo kingine ambacho hakionekani kama lugha, ndiyo maana kina hatari zaidi. Ni kile cha moja kwa moja: mtu wa mita moja na sentimita 70 anapata sanamu ya mita moja na sentimita 70. Kipimo hiki hujifanya hakisemi kitu. Chenyewe ni ukweli tu, kama risiti.

Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza alipokufa mwaka 1377, walimchongea sanamu ya mbao ya ukubwa wake, uso ukifuata kalibu iliyotolewa kwenye uso wa maiti. Sanamu ilibebwa kwenye mazishi kwa niaba ya mwili, na hadi leo iko Westminster Abbey. Kazi yake haikuwa urembo. Ilikuwa inasema: mfalme yuko hapa, mmemwona. Ni ushahidi.

Miaka mia nne baadaye, daktari mmoja anayeitwa Philippe Curtius akaipeleka biashara hiyo sokoni. Alifungua maonyesho ya sanamu za nta jijini Paris, watu wa kawaida wakalipa kiingilio kuona wakubwa kwa karibu. Tarehe 12 Julai 1789, siku mbili kabla ya Bastille kuvamiwa, umati ulichukua vichwa viwili vya nta kutoka kwake, cha waziri Necker na cha mtawala wa Orléans, ukaandamana navyo barabarani. Msichana aliyefunzwa kazi na Curtius aliitwa Marie Grosholtz. Alivyosimulia mwenyewe baadaye, wakati wa mapinduzi alilazimishwa kutengeneza nyuso za waliokatwa vichwa. Alihamia Uingereza 1802, akitumia jina la mumewe, Tussaud, na 1835 akatulia Baker Street, London. Hilo jina unalijua. Foleni za kupiga selfi na Beyoncé wa nta zilianzia kwenye vikapu vya vichwa vilivyokatwa.

Hapa lazima tuelewe jambo moja la ufundi, maana hoja yote inakaa juu yake. Ukitaka nakala kamili ya mtu, njia ya haraka ni kumpaka plasta, kama ile ya hospitali ukivunjika mkono. Plasta inaganda, inatolewa, na ndani yake kunabaki mtu mtupu: kalibu. Ukimimina nta au resini humo, unapata nakala. Aliyepakwa lazima afumbe macho, apumue kwa shida, asisogee. Ndiyo maana nyuso nyingi za aina hii zina ule utulivu wa ajabu, kama watu wanaovumilia kitu. Wanavumilia kweli. Na kalibu haijui kubadilisha kipimo. Inatoa saizi iliyopewa. Kwa miaka mingi, kabla ya kompyuta na skana, kama ungetaka mtu mkubwa zaidi au mdogo zaidi, mara nyingi ilibidi uachane na plasta, umwangalie, umpime, umfinyange kwa mkono. Ilibidi umtazame mtu kwa muda mrefu.

Sasa tuone nani walipakwa plasta bila kutazamwa.

Sarah Baartman alizaliwa katika eneo ambalo leo ni Eastern Cape, Afrika Kusini. Mwaka 1810 alipelekwa London, akaonyeshwa mbele ya watu kwa kiingilio kwa sababu ya umbo la mwili wake, kisha akahamishiwa Paris, akafa huko Desemba 1815. Mwanasayansi Georges Cuvier akachukua maiti, akatoa nakala ya mwili mzima kwa plasta, kisha akaupasua. Mifupa yake na ile nakala vilikaa makumbusho ya Paris, vikionyeshwa hadi miaka ya 1970. Zaidi ya miaka 150. Alizikwa nyumbani kwao, Hankey, tarehe 9 Agosti 2002.

Nakala ile ilikuwa ya kipimo kamili. Haikumwongeza chochote, haikumpunguza. Na ndicho kilichoifanya ikubalike: sayansi ilisema, sisi hatujamchora, tumemnakili tu. Edward kwa kipimo hicho alikuwa mfalme. Sarah kwa kipimo hicho hicho akawa sampuli.

Ukikumbuka hilo, kuna kashfa moja ya Paris inayoanza kueleweka. Mwaka 1881 Edgar Degas alionyesha sanamu ya nta ya mnenguaji wa umri wa miaka 14. Msichana mwenyewe aliitwa Marie van Goethem, mwanafunzi wa densi kwenye Opera, mamake alikuwa mfua nguo. Degas alimvisha sketi halisi ya kitambaa, viatu halisi vya densi, nywele halisi zilizofungwa utepe, akamweka ndani ya kabati la kioo. Wachambuzi wakachafukwa. Walimfananisha na nyani. Mmoja alisema mahali pake ni makumbusho ya wanyama na ya watu. Waliona nta, nywele, kioo, mtoto maskini, wakajua kabisa ni kabati gani wanaliangalia.

Ila Degas alifanya kitu kimoja ambacho Cuvier hakufanya. Alimfinyanga kwa mkono, na hakumpa saizi yake. Marie wa nta ana takriban sentimita 99, kama theluthi mbili ya mwili wa kweli. Kwa hivyo hawezi kukudanganya kwamba ni mtu. Unamwona mara moja kwamba ni kitu kilichotengenezwa, kisha, ukizidi kukaa naye, unaona kidevu alichokiinua na mikono aliyoifunga nyuma, na unaanza kujiuliza alikuwa anafikiria nini. Degas hakuwahi kuonyesha sanamu nyingine maishani mwake.

Funzo hilo halikufika Cape Town. Kuanzia 1907 hadi 1924, fundi wa South African Museum aliyeitwa James Drury alizunguka akipaka plasta miili ya Wakhoisan. Mabosi wake waliamini watu hao wanakaribia kuisha duniani, kwa hivyo wanakiliwe haraka, kama vile unavyopiga picha jengo kabla ya tingatinga kufika. Wengine walipakwa plasta wakiwa jela. Nakala zilipakwa rangi kwa uangalifu mkubwa, ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, na baadaye zikapangwa kwenye mandhari ya bandia, watu wameketi kambini na mikuki yao. Watoto wa shule walipelekwa kuwaona, katika jengo moja na wanyama waliojazwa pamba. Wazungu wa nchi hiyo historia yao ilikuwa kwenye makumbusho nyingine. Maonyesho hayo yalifungwa 2001. Sio 1901. Wasomaji wengi wa makala hii walikuwa wamezaliwa au wako njiani.

Hebu tuvuke bahari. Marekani, miaka ya 1960, mzaliwa wa Minnesota aitwaye Duane Hanson alichukua njia ile ile ya kalibu akaigeuza dhidi ya jamii yake. Mwanzo alitengeneza ukatili: polisi akimpiga muandamanaji mweusi, watu waliokufa ajalini. Baadaye akageukia watu ambao hakuna anayewatengenezea sanamu. Mama mnene dukani akisukuma troli iliyojaa vyakula, rola kichwani. Watalii wawili wamevaa mashati ya maua wakiangalia juu. Mwaka 1988 akatengeneza *Queenie II*, mwanamke mweusi msafishaji, amesimama na mkokoteni wake wa ndoo na fagio. Wote saizi yao, wamevaa nguo za kweli, wamesimama sakafuni bila jukwaa.

Watu hupita karibu na Queenie bila kumwona. Wanadhani ni msafishaji. Na hapo ndipo Hanson alipokuwa anakungoja, kwa sababu ukigundua ni sanamu unageuka, unamwangalia kwa makini, na unajua kabisa kwamba angekuwa mtu usingemwangalia. Mimi nimeishi Nairobi maisha yangu yote na najua Queenie wetu ni wangapi, asubuhi, kwenye ngazi za majengo ya town, kabla ya wenye tai kufika. Kwa Hanson, kipimo kamili ni mtego, na aliyenaswa ni wewe, sio Queenie.

Lakini mtego hufanya kazi mara moja. Ukishajua, umejua. Unatafuta mahali nywele zinapoingia ngozini, unasema "fundi huyu ni noma", unaenda. Mshtuko ukiisha, kinachobaki ni ufundi, na ufundi peke yake hauna uzito.

Hanson alikufa Januari 1996. Mwaka huo huo, London, Mueck ndiye alikuwa anaanza. Alizaliwa Melbourne, Australia, 1958, wazazi wake wakiwa watengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Hakutoka chuo cha sanaa. Alitengeneza vikaragosi vya vipindi vya watoto kwenye TV, akafanya kazi na Jim Henson kwenye filamu ya *Labyrinth* ya 1986, kisha akafungua kampuni ya kutengeneza vifaa vya matangazo. Kwenye matangazo, kitu unakitengeneza upande mmoja tu, ule kamera itaona. Alichoka. Aliona picha inaua uwepo wa kitu chenyewe. Mwaka 1996 mama mkwe wake, mchoraji Paula Rego, alimwomba amtengenezee Pinocchio wa kutumia katika kazi yake, mkusanyaji Charles Saatchi akamwona huyo Pinocchio, na mambo yakaanza.

Turudi basi kwa mzee wa sentimita 102, tufanye hesabu kidogo. Ukipunguza urefu wa mtu hadi theluthi mbili, upana na unene navyo vinapungua hivyo hivyo, kwa hivyo uzito haubaki theluthi mbili. Unashuka hadi chini kidogo ya theluthi moja. Mwanamume wa kilo 70 angekuwa na kilo 21 hivi. Hiyo ni kilo za mtoto wa miaka sita. Mueck amemfanya babake awe mtu ambaye mwanawe angeweza kumbeba mikononi. Waliowahi kuuguza mzazi watanielewa haraka. Yule mtu aliyekuwa anaziba mlango wote akisimama, siku moja unamgeuza kitandani peke yako na unashangaa alivyo mwepesi.

Nakala ya kipimo kamili ingesema: baba amekufa, huyu hapa. Ingekuwa cheti. Ile ndogo inasema jinsi inavyohisi, na bado haidanganyi hata unywele mmoja.

Kisha akageuza upande wa pili. *Boy*, ya 1999, ni kijana aliyechuchumaa, mikono juu ya magoti, akichungulia kwa wasiwasi. Akiwa amechuchumaa hivyo, ana karibu mita tano. *David* wa Michelangelo, shujaa wa Florence, ana mita 5.17 akiwa amesimama wima. Kijana wa Mueck hajaua jitu lolote. Hana jina. Amepewa ukubwa wa shujaa, na bado anaogopa kitu. Mwaka 2006 ikaja *A Girl*: mtoto mchanga, dakika chache baada ya kuzaliwa, damu bado mwilini, kitovu bado kinaning'inia, jicho moja limefunguka nusu. Urefu, mita tano. Mtoto wa kawaida huzaliwa na nusu mita, kwa hivyo huyu ni mara kumi, na kwa hesabu ile ile ujazo wake ni mara elfu. Kilo tatu za uzazi zingekuwa tani tatu. Ndovu jike. Nadhani mama yeyote aliyetoka leba angesema hapo Mueck hajaongeza chumvi.

Wapo wasiomkubali. Wanasema ni kiini macho, ni Tussaud aliyeenda shule, na ukiondoa ukubwa hakuna kilichobaki. Hoja hiyo nusu yake ni kweli: ukiondoa ukubwa, hakuna kilichobaki. Lakini hata muziki, ukiondoa sauti, utabaki na watu wanaotikisa vichwa.

Pingamizi lenye uzito ni lingine. Mwaka 2009 Mueck alitengeneza *Youth*, kijana mweusi, miguu mitupu, jinzi imeshuka kiunoni. Ameinua fulana kuangalia jeraha la kisu ubavuni mwake. Ana sentimita 65 tu. Kwa hivyo: mzungu amemtengeneza kijana mweusi, uchungu wake umewekwa ndani ya nyumba ya sanaa, watu wanainama kumchunguza. Tofauti yake na kabati la Cape Town ni nini?

Nimefikiria sana hili, na sina jibu la kufunga mjadala. Ninachokiona ni kwamba watu wa Drury walipangwa wakuangaliwe. Walikuwa wanawakilisha "aina". Huyu kijana haangalii mtu. Anaangalia kidonda chake kwa mshangao, kama mtu ambaye bado hajaamini, na hakuna kibao kinachosema yeye ni kabila gani. Udogo wake unakulazimisha uiname, na ukiinama unagundua umekaribia mno, umeingia kwenye jambo lake la siri. Unaona aibu kidogo. Sidhani kuna aliyeona aibu mbele ya kabati la Cape Town kabla ya wenyewe kuanza kulalamika. Lakini ukiniambia kwamba kijana huyo alistahili kuwa yule wa mita tano, na mtoto wa kizungu awe huyu wa sentimita 65, sitabisha.

Kuna tatizo letu la mwisho, sisi tunaoangalia haya yote kutoka huku. Tunayaona kwenye simu. Na kwenye simu, *Boy* na *Youth* wana urefu mmoja: urefu wa kioo chako. Mzee wa sentimita 102 na mtoto wa mita tano wanatoshana kwenye kidole gumba. Kile hasa ambacho Mueck aliikimbia kamera ili akipate ndicho kinachoibwa kwanza. Ndiyo maana picha nzuri za kazi zake huwa na mtu pembeni, mlinzi au mfanyakazi mwenye brashi. Huyo ndiye rula. Picha isiyo na mtu pembeni ni picha ya mtu wa kawaida tu, haina habari.

Kwa sasa, Nairobi tuna kitu kimoja cha kuzoeza mwili. Uani pa Nairobi National Museum amesimama Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa 1974. Yule wa uani ni wa faibaglasi, kitu kile kile alichotumia Hanson, na ni saizi yake kamili. Wengi tulipelekwa pale na shule, tukapigwa picha, tukaambiwa tusiguse. Rudi ukiwa mtu mzima. Simama chini ya pembe zake bila kutoa simu, uone kichwa chako kinafika wapi. Kisha fikiria mtoto mchanga wa uzito wa ndovu jike amelala mbele yako, jicho moja wazi.